Maneno ya Katikati

Kwa miaka mingi, mtu asiyejua Kifaransa akifikishwa mbele ya mahakama ndogo ya Kamina, kinywa chake kilikuwa Tshiala. Alizaliwa papo hapo mjini, kwa wazazi waliotoka Kasai kufuata kazi za reli. Chiluba alikinyonya kwa mama yake, Kiluba akakiokota kwa watoto aliocheza nao, Kiswahili akakipata sokoni na shuleni, Kifaransa kwa masista. Lingala aliolewa nayo. Mumewe, Bokungu, askari wa cheo cha ajida, alikuwa mtu wa Équateur aliyeletwa na jeshi kwenye kambi ya Kamina, na tangu amwoe Tshiala hakuomba tena kuhamishwa.

Watu walikuja kumtazama akitafsiri, hata wasio na kesi. Hakungoja mtu amalize. Shahidi akiwa bado yumo kwenye neno la pili, Tshiala alikwisha kulitoa la kwanza kwa Kifaransa, sikio moja kwa shahidi, jingine kwa jaji, na bado alimsikia askari mlangoni akisonya. Jaji, ambaye mji mzima ulimwita Prezida, alikuwa mtu wa Bandundu, na alizoea kusema kwamba Tshiala akiumwa ni afadhali mahakama ifungwe.

Akaumwa. Lakini si Kamina.

Binti yake Exaucée alikuwa karibu kujifungua huko Lubumbashi, na Tshiala akapanda treni kwenda kukaa naye. Asubuhi moja walikuwa wameketi kwenye baraza la kliniki wakingoja zamu, yeye ameshika kikombe cha uji aliokuwa akimsihi binti anywe. Kikombe kikaanguka. Tshiala akakitazama kilipoanguka, akataka kusema "pole," na kilichotoka kilikuwa mlio mzito kama wa mtu aliyejaza mdomo bukari, ugali wa kwao. Exaucée akageuka akaona uso wa mama yake umeshuka upande wa kulia.

Kiharusi kingemkuta kwenye treni, au nyumbani, au shambani, habari yake ingekuwa nyingine. Kilimkuta mlangoni pa watu wenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, na daktari mmoja mrefu aliyesomea mambo hayo nje ya nchi. Wakamkimbiza. Picha ikaonyesha damu imeganda na kuziba mshipa. Daktari akamwambia Exaucée kwamba iko dawa ya kuyeyusha donge lile la damu, ila ina masharti: ikichelewa haifai, na hata ikiwahi inaweza kumfanya mtu avuje damu kichwani. Exaucée, tumbo lake mbele yake, akatia sahihi.

Dawa ikaingia kwa mshipa wa mkono, tone kwa tone. Kabla ya giza vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinafunga na kufunguka. Siku ya pili yake Tshiala aliomba maji kwa Kiswahili, akamshukuru muuguzi kwa Lingala, na daktari akacheka kwa furaha.

"Mama, una bahati sana," alimwambia kwa Kifaransa. "Hii ingetokea kule kwenu..."

Siku ya kumruhusu alimwita Exaucée kando akamweleza kwamba mwili umerudi vizuri, lakini wamwangalie: atachoka upesi, huenda atasahau, huenda akili itamtoroka katikati ya jambo. Wiki ileile Exaucée akajifungua mtoto wa kike. Alipompigia baba yake simu alimpa habari mbili tu, kwamba mtoto amezaliwa na kwamba mama amepona.

Bokungu akalichukua neno hilo la pili akaenda nalo kambi nzima. Treni ilipoingia Kamina alikuwa kituoni amevaa sare iliyopigwa pasi, na nyuma yake majirani na wanawake wa jumuiya ya kanisa. Tshiala akashuka kwa miguu yake mwenyewe, mfuko mkononi. Wanawake wakapiga vigelegele. Jumapili iliyofuata ikasomwa misa ya shukrani, na mwisho wa misa Bokungu akaomba ruhusa kwa padri, akamsimamisha mkewe mbele ya watu.

"Nyanyua mukono," alimwambia polepole. "Ile ya kuume."

Tshiala akaunyanyua. Kanisa zima likashangilia. Yeye aliutazama mkono wake kule juu, ukiwa umenyooka, vidole vitano, na akangoja furaha imfikie. Haikumfikia. Haikuja huzuni pia. Ilikuwa kama kusimama ukumbini mwa watu ambapo hamna aliyekujua.

Nyumbani mambo yalianza kwa udogo. Alipika sombe, mboga ya majani ya mihogo, huku jirani akimhadithia habari ya soko, na sombe ikaungua, na habari ya soko pia hakubaki nayo. Alitoka kuchota maji akarudi na ufagio. Mtu mmoja akisema naye, mlango umefungwa, alimwelewa vizuri. Wakiwa wawili, maneno yao yalichanganyika kama mchele na mchanga. Alisikia kila mtu alipoanza, alisikia kila mtu alipokoma, na hapo katikati palikuwa peupe. Hapakuwa na maumivu wala kelele. Ni peupe tu, na alipotoka huko aliwakuta watu wakimtazama wakingoja jibu.

Siku moja alijaribu kumwambia mumewe. Bokungu alikuwa ameketi ukumbini akila.

"Papa Exaucée, kichwa yangu iko inaacha bintu."

"Inaacha bintu gani?"

"Maneno. Muntu anasema, minyi nasikia, kisha sisikii."

Bokungu akamega bukari, akaichovya. "Ile ni kuchoka, Mama Exaucée. Ulitoka mbali. Bantu bote baliona mukono yako mu kanisa. Sasa siye turudi tuwaambie nini?"

"Sawa," Tshiala akasema. Akakusanya sahani. Zamani angekasirika, angeweka sahani chini kwa kishindo, na Bokungu angemtania hadi acheke. Sasa aliziosha tu moja moja, akazipanga. Bokungu, kwa upande wake, aliona nyumba imetulia, na hakuona ubaya wa utulivu.

Aliporudi kazini Prezida alitoka ofisini kumpokea mlangoni. Karani Béni, kijana nadhifu aliyeandika kila kitu kwa mkono wa mviringo, alimfutia kiti. Kesi za mwanzo zilikuwa nyepesi: ugomvi wa mpaka wa nyumba, baiskeli iliyochukuliwa bila ruhusa. Swali fupi, jibu fupi. Tshiala hakutafsiri tena maneno yakiwa hewani kama zamani. Alingoja mtu anyamaze, ndipo akasema. Watu walidhani ni heshima ya mtu aliyeugua. Aliporudi nyumbani alilala kwenye mkeka mchana kutwa, viatu miguuni, na kuamka hajui kama ni leo au ni jana.

Kiangazi kikapiga. Nyasi zikakauka, na kila upande wa mji moshi wa mashamba ukasimama. Ndipo ikaja kesi ya moto.

Mlalamikaji alikuwa Ndaya, mjane wa kijiji kimoja kinachopakana na kambi, mwanamke mkavu aliyejifunga kitenge kilichopauka. Alikuja na Chrispin, mtoto wa dada yake, mtu mzima aliyefundisha shule ya msingi. Mshitakiwa alikuwa Likoke, mke wa askari, mgeni wa pale Kamina, mama wa mtoto anayenyonya. Likoke alichoma mkaa kwenye pori lililo karibu na shamba la Ndaya, akaenda kumnyonyesha mtoto kivulini, upepo ukageuka, na moto ukaruka. Shamba la mihogo la Ndaya liliteketea lote, na ghala dogo pamoja nalo. Likoke hakukana. Alichokuwa akiogopa ni jela, maana wenzake wa kambini walimwambia kwamba kuchoma mali ya mtu ni jela moja kwa moja.

Hapo basi palikuwa na lugha tatu. Ndaya alijua Kiluba, na Kiswahili cha kuombea chumvi. Likoke alijua Lingala. Prezida alitaka Kifaransa. Na kati yao alisimama Tshiala.

Chumba kilijaa. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na nje pikipiki zilipita. Prezida akamwambia Ndaya aeleze kilichompata na anachotaka mahakama imfanyie. Ndaya akainuka. Alisema kama wasemavyo watu wa kijijini wasiozoea kukatizwa, polepole, kwa mzunguko, akianzia mbali. Tshiala akaikazia macho midomo yake.

"Shamba lile aliniachia mama yangu," Ndaya alisema. "Nimelima pale kabla sijaolewa, nimelima nikiwa na mume, na nimelima nikiwa peke yangu..."

Hapo mtoto wa Likoke akalia. Likoke akaanza kumbembeleza kwa Lingala, kwa sauti ya chini, na katikati ya kumbembeleza akawa anajisemea: nyamaza mwanangu, wakinichukua nitakuacha na nani, nyamaza. Sikio la Tshiala likaenda huko. Hakulituma. Likaenda lenyewe, likakaa huko, na alipoligundua na kulirudisha, Ndaya alikuwa anafika mwisho.

"...na hilo ndilo ninalolitaka. Sina jingine." Akaketi.

"Anataka nini?" Prezida akauliza.

Tshiala akatafuta. Mwanzo ulikuwepo, shamba la mama, kulima na mume na bila mume. Mwisho ulikuwepo. Katikati palikuwa peupe. Alisimama pale mbele ya watu wote na hakuhofu, na baadaye jambo hilo lilimshangaza kuliko yote, jinsi alivyokuwa hana hofu. Prezida akainua macho. Ndipo ulimi, uliozoea kazi hiyo kuliko mwenyewe, ukaendelea bila yeye. Ukasema kwa Kifaransa kizuri kwamba mlalamikaji anaomba alipwe mihogo yake na ghala lake, na mshitakiwa aadhibiwe kama sheria inavyotaka. Ndivyo walalamikaji wengi huomba. Alikwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi mno, yalitoka kama sala za rozari.

Béni akaandika. Tshiala akageuka akamwambia Likoke maneno yaleyale kwa Lingala.

Likoke hakulia wala hakubisha. Alimfungua mtoto kutoka kifuani, akamkabidhi mwanamke aliyekaa nyuma yake, akaweka mikono mitupu mapajani, akiwa kama mtu aliyekwisha kuanza safari.

Ndaya akaona. Akamgeukia Chrispin akamwuliza kitu, Chrispin akainama akamnong'oneza. Mjane akasimama tena. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kiluba, akimtazama Tshiala si Prezida.

"Mama, maneno hayo uliyoyasema si yangu."

Nusu ya waliokuwamo walijua Kiluba, na wakaanza kunong'ona.

"Anasema nini?" Prezida akauliza.

Kumjibu ilikuwa kazi yake peke yake. Tshiala akalisikia swali, na akalikumbuka neno la Ndaya, fupi, zima, limekaa mahali pake. Akalitafsiri kama lilivyo.

"Anasema kwamba niliyoyasema si maneno yake, Prezida."

Prezida akavua miwani. "Na ni kweli?"

"Ni kweli. Alipoanza nilisikia, na alipomaliza nilisikia. Ya katikati sikuyapata. Nikaweka yangu."

Béni aliacha kuandika, kalamu juu ya karatasi. Prezida akasema kwamba yaliyoandikwa yafutwe, na mlalamikaji arudie. Tshiala akaomba jambo moja, kwamba madirisha yafungwe na mtoto atolewe nje kidogo, na mama Ndaya aseme neno moja, anyamaze, kisha aseme jingine. Wakafanya hivyo. Chumba kikawa tanuri. Ndaya akasema vipande vipande kama mtu anayepanda mbegu, na Tshiala akavitoa kimoja kimoja kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala.

"Msimfunge. Jela hailimi."

"Shamba langu limekuwa majivu, na mgongo wangu umekwisha."

"Yeye ana mgongo mzuri. Aje na jembe tulime upya, mpaka mihogo ichipue."

"Mtoto aje naye. Nitamshika mimi, yeye akilima."

Kitu hicho ndicho kilichokuwa katikati. Prezida akamwuliza Likoke kama anakubali. Likoke alihitaji kuambiwa mara mbili ndipo aamini, kisha akapiga magoti pale pale sakafuni kumshukuru mjane, na Ndaya akamwambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Simama, simama, weye utalima tu." Watu wakacheka. Tshiala akaona wanacheka, akajua kwamba jambo hili ni zuri, akalijua kwa akili kama ajuavyo mtu kwamba leo ni Alhamisi.

Walipotoka Ndaya alimpitia pale mlangoni, akamshika mkono. "Wafwako," akamwambia, asante.

Prezida alimwita ofisini. Alikuwa mpole, lakini ule upole wa mtu aliyekwisha kujitenga kidogo. Akamwambia kwamba leo ilikuwa mihogo. Kesho inaweza kuwa mtu aliyeuawa, na mtu mwingine anayesema si mimi. Tshiala akasema analijua hilo.

"Nenda kwa daktari," Prezida akasema. "Uniletee neno lake. Mimi nitakungojea."

Hospitali ya mji haikuwa na mashine ya kupiga picha ya kichwa, lakini ilikuwa na daktari Kabeya, kijana mwenye ndevu chache aliyekuwa na subira. Alisoma karatasi za Lubumbashi zote, akafunga mlango, akaweka viti viwili vikitazamana. Akamwambia atamsomea herufi nyingi, na kila akisikia A agonge meza. Tshiala akagonga vizuri mwanzoni. Kisha nje mtu akaburuta kitanda, na A mbili zikapita. Akamwambia ataje miezi kwa kurudi nyuma, kuanzia Desemba. Akataja kwa Kifaransa Desemba, Novemba, Oktoba, akasimama. Akajaribu kwa Lingala, akasimama palepale. Akajaribu kwa Kiswahili, vilevile. Lugha zote tano zilikuwepo, kila moja kamili kwenye kabati lake. Mkono wa kuzitoa ndio uliokuwa unasahau kwamba umetumwa.

"Daktari," akasema, "ku soko banasema ile dawa iliyeyusha damu, ikayeyusha na akili. Ni kweli?"

Kabeya hakucheka. "Hapana, mama. Niseme vile naelewa. Damu ilipoziba, sehemu ya kichwa ilikosa chakula. Ile dawa ilifungua njia. Kwa sababu ya ile, mukono ulirudi, na kusema kulirudi. Lakini kama kuna kidogo kilikufa kabla ya njia kufunguka, dawa haifufue."

"Bila dawa?"

"Bila dawa, wengi bangekuwa hapa bamebebwa. Na kichwa pia, mara nyingi, dawa inakisaidia kuliko kukosa dawa. Lakini kwa weye mwenyewe, ingekuwa namna gani, hakuna mutu anaweza kukuambia. Minyi siwezi."

Tshiala akaipokea habari hiyo, akaiweka. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Na kukosa uchungu? Mjukuu wangu alizaliwa, nilimubeba, sikuona kintu mu roho. Leo nilikuwa karibu kumufunga mama wa mutoto. Sikuona kintu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ile pia ni ugonjwa," akasema. "Inaweza kuwa kiharusi chenyewe, inaweza kuwa huzuni yenye kujificha. Hapana roho mubaya, mama. Tutaifuata pamoja, polepole. Kuko bantu inarudi kwao, kuko inarudi nusu." Kisha akamwuliza, "Bwana yako anajua?"

"Anajua nilipona," Tshiala akasema.

Alimkuta Bokungu uani, ameketi kwenye kigoda, anapaka viatu vya kazi rangi. Ilikuwa saa za alasiri. Akavuta kigoda kingine akaketi mbele yake, karibu, magoti yakigusana, akamshika mkono wenye brashi ili auache. Akamweleza yote, kesi ya moto, ulimi uliojisemea, herufi A zilizopita, Desemba hadi Oktoba. Alisema taratibu na kwa mpango, kwa maana alijua akikatizwa hatarudi mahali pake. Bokungu hakumkatiza.

Alipomaliza, Bokungu akakitazama kiatu. "Ulimwambia Prezida mbele ya bantu?"

"Mbele ya bote."

"Na minyi nilisema mu kanisa mbele ya bote." Akapangusa uso kwa kiganja, rangi nyeusi ikamwachia mstari shavuni. "Sasa nitasema nini?"

"Sema niko napona."

Bokungu akasimama akavaa kiatu kimoja kilichokuwa tayari, akagundua cha pili bado, akakivua. Akatoka nje ya ua miguu mitupu, akakaa huko mpaka giza likaingia. Kwa siku kadhaa nyumba ikawa na ukimya mwingine, si ule wa utulivu. Tshiala aliuona, na haukumuuma. Lakini aliuona, na alipomwambia daktari Kabeya, daktari akasema kuona nako ni kitu.

Tshiala alipompelekea neno la daktari, Prezida alishika ahadi yake kwa njia yake. Akaletwa Kayembe, mtafsiri kijana kutoka Malemba-Nkulu, akapewa kesi kubwa, na Tshiala akaachiwa zile za asubuhi, za mtu mmoja na swali moja, madirisha yamefungwa. Mshahara haukukatwa, lakini watu wasio na kesi hawakuja tena kumtazama. Kayembe alikuwa mzuri. Alikuwa na haraka kama Tshiala wa zamani, na Tshiala akimsikiliza kutoka benchi la nyuma alijaribu kuona wivu, hakuuona.

Likoke alilima. Watu waliopita njia ya shamba walimwona, na Ndaya amekaa na mtoto mgongoni, akimwelekeza kwa mkono kwa kuwa hawakuwa na lugha moja. Mvua za kwanza ziliponyesha, vijiti vya mihogo walivyovipanda pamoja vikashika. Hakuna aliyemwita mtafsiri.

Siku moja, mvua zikiwa zimekolea, jirani mmoja wa kambini alikuja na mgeni wake kutoka Kabondo-Dianda, mtu ambaye kaka yake alikuwa amepatwa na kiharusi na sasa amelala hawezi kugeuka. Jirani alitaka mgeni aone. Akamwomba Bokungu amwambie mama anyanyue ule mkono.

Bokungu alikuwa ameketi mlangoni. Alimtazama mkewe, aliyekuwa akichambua maharage ndani, akamtazama mgeni.

"Mukono iko muzuri," akasema. "Kichwa njo bado. Inaenda polepole. Kama unataka kusema naye, ingia weye peke yako, siye tutabaki hapa nje, na usiseme mingi mara moja."

Mgeni akaingia peke yake. Tshiala akasogeza ungo. Mtu yule alimwuliza kuhusu dawa, kama inapatikana, kama kaka yake bado anaweza kuipata. Ikambidi Tshiala amwambie kwamba dawa ile ni ya saa za mwanzo tu, na saa hizo zimepita. Yule mtu akainamisha kichwa. Tshiala akamtazama, na mahali fulani chini ya mbavu kitu kikambana, kidogo, kama kamba iliyovutwa mara moja ikaachwa. Akangoja aone kama kitarudi. Hakikurudi. Akamwambia habari za daktari Kabeya, namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, na kumwongelesha mmoja mmoja.

Tangu hapo Bokungu alianza kusema naye kama watu wa jeshi wanavyosema kwenye redio za kazi, kipande kifupi, kisha kungoja. Mwanzoni alifanya kwa hasira kidogo. Baadaye akazoea, na hatimaye akalipenda jambo lenyewe, kwa maana lilimpa nafasi ya kunogesha. Jioni moja alimsimulia kisa cha lori lililokwama njia ya uwanja wa ndege wa kambi.

"Lori inakwama," akasema, akangoja.

"Inakwama," Tshiala akasema.

"Luteni anatuma bantu kumi basukume."

"Kumi."

"Banasukuma. Mbele."

"Eh."

"Na dereva yuko narudisha nyuma. Haelewi Lingala. Banapigana naye mpaka jua inapotea, kumbe luteni mwenyewe njo alimwambia kwa Kifaransa arudishe."

Tshiala alikifuata kisa mpaka mwisho, kipande kwa kipande, na hapakuwa na peupe. Hakucheka. Bokungu hakumdai kicheko. Asubuhi yake Exaucée alipopiga simu, mtoto akipiga kelele pembeni, Tshiala alimwambia ampeleke mtoto chumba kingine kwanza. Kisha akamsimulia binti yake kisa cha lori, toka mwanzo, bila kuruka kitu.